Ziwa Juu ya Paa

Katika kijiji cha Ikola, kwenye ufuko wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, kuna sanduku la bati lisilo na kufuli ambalo watoto wa hapo huliita Makumbusho. Halina mlinzi wala kiingilio. Ndani yake mna karatasi tu: kurasa zilizochanwa katika madaftari, migongo ya mitihani iliyokwisha sahihishwa, vipande vya maboksi ya sabuni, na mifuko ya saruji iliyokatwa kwa wembe. Juu ya kila karatasi kuna picha iliyochorwa na mtoto, kwa mkaa, kwa chaki, kwa udongo mwekundu uliokorogwa na maji, au kwa kalamu pale ilipopatikana. Nyingi zimeliwa pembeni na unyevu. Baadhi zina chembe za mchanga zilizogandia na hazitoki. Chini kabisa ya sanduku imewekwa karatasi moja nyeupe isiyo na picha yoyote, na hiyo ndiyo inayoulizwa zaidi kuliko zote.

Aliyelianzisha sanduku hilo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, wala hakulianzisha kwa kuwa aliipenda sanaa. Alilianzisha kwa kuwa alikosa.

Alifika Ikola mwaka 1988, kijana wa miaka ishirini na mitano, mzaliwa wa kisiwa cha Mafia. Siku hizo Wilaya ya Mpanda ilikuwa ndani ya Mkoa wa Rukwa. Mkoa wa Katavi haukuzaliwa hadi mwaka 2012. Barua ya kupangiwa kazi ilipomfikia, alilitafuta jina la Ikola katika ramani ya ukutani asilione. Akapanda gari moshi kutoka Dar es Salaam hadi Tabora, akabadili behewa la kwenda Mpanda, na kutoka Mpanda akadandia lori lililobeba chumvi na sabuni, likapita katika misitu ya miombo siku nzima. Jioni miti ilipoachana, akaona maji yasiyo na ng'ambo. "Bahari!" akasema, na utingo akamcheka. "Haya yananyweka, Mwalimu."

Mtu wa kisiwani huamini kwamba maji hayana jipya la kumfundisha. Mwalimu alikuta maji yenye urefu wa kilomita 673 na kina kinachofika mita 1,470, ambayo duniani hakuna ziwa lenye kina cha kuyapita isipokuwa Baikal. Alikuta wavuvi wanaotoka jua likitua na kurudi linapochomoza, na taa zao za karabai zikionekana usiku kama mji uliojengwa juu ya maji. Alikuta dagaa wakianikwa juu ya mchanga, na migebuka ikikaushwa kwa moshi. Alikuta meli ya Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa Kigoma, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaopolewa mwaka 1924 na kurejeshwa safarini mwaka 1927. Ilipopita Ikola hapakuwa na gati la kuipokea. Ilitia nanga mbali na ufuko, ikapiga honi, na mitumbwi ikashindana kuifikia, kila mmoja na abiria wake, kuku wake na magunia yake ya dagaa.

Haya yote Mwalimu aliyaona, na kwa miaka sita hakupata kumwambia mtoto yeyote ayachore.

Kipindi cha kuchora kilipofika, yeye mwenyewe alichora ubaoni, na watoto wakaiga. Alichora kama alivyochorewa yeye na mwalimu wake, naye kama alivyochorewa na mwalimu wake wa zamani: nyumba yenye paa la pembetatu, madirisha mawili yaliyokatwa msalaba, njia inayopinda hadi mlangoni, mti wa duara wenye matunda mekundu, na juu ya paa dohani inayofuka moshi. Darasa zima likatoa dohani. Hapakuwa na mtoto Ikola aliyewahi kuona dohani isipokuwa ile ya Liemba, kwa hiyo wengi waliipaka nyumba yao moshi mweusi mzito wa meli, na Mwalimu akawakosoa kwa kuzidisha mkaa.

Mwaka 1994 msichana mmoja wa darasa la tatu hakuiga. Haijulikani kama alichelewa kuingia akaukosa ubao, au kama aliutazama asiuamini. Alichora mapaa ya nyumba, ya nyasi na ya bati, yamejipanga chini kabisa ya ukurasa. Juu ya mapaa, katika nafasi yote iliyobaki, aliliweka ziwa. Mitumbwi ilielea juu ya nyumba kama ndege. Mbingu ilipata upenyo mwembamba tu, upana wa kidole, ukingoni mwa karatasi. Mwalimu akachukua kalamu nyekundu, akaandika katikati ya maji: Ziwa haliwi juu ya paa. Akampa mbili juu ya kumi. Kisha, kwa kuwa alikuwa amechoka na darasa lilikuwa limechangamka, akaisoma sentensi yake kwa sauti na kuinyanyua picha juu wote waione. Darasa likacheka. Msichana naye akacheka, maana kucheka pamoja na wanaokucheka ndiyo njia ya mkato ya kutoka katika aibu.

Wiki iliyofuata hakuja shuleni, na wiki ya pili pia hakuja. Mwalimu aliwahi kudhani kwamba aliacha shule kwa ajili ya picha ile. Ingekuwa hadithi nyepesi kuisimulia. Mama yake alikuwa amejifungua, na mikono ya kuanika dagaa ilipungua nyumbani. Hayo ndiyo yaliyomzuia. Hata hivyo ilimpasa Mwalimu aende kuuliza, akaenda, akipanda njia ya mawe hadi kwenye nyumba za juu, mahali ambapo hakuwahi kufika katika miaka yake sita ya Ikola, kwa kuwa nyumba yake na shule yake na rafiki zake vilikuwa chini.

"Karibu Mwalimu. Kaa, upumzike."

"Ahsante, Mama. Mzima? Na mtoto?"

Akapewa kigoda, akaketi mlangoni, akageuka kulitazama ziwa. Kutoka pale, mapaa ya kijiji yalijipanga chini ya macho yake, ya nyasi na ya bati. Juu yao, likiwa limesimama kama ukuta, lilikuwapo ziwa. Mitumbwi ilielea juu ya nyumba. Na juu ya vyote ulionekana mstari wa mbingu, mwembamba, upana wa kidole.

Mwalimu hakusema kitu kwa muda ambao mama yule aliudhani kuwa ni uchovu wa kupanda. Kisha akauliza kama picha ya binti bado ipo. Binti akaitwa, akaja akiwa na magamba mikononi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Ile karatasi yako ya kuchora iko wapi?"

"Tulifungia dagaa, Mwalimu. Alinunua mtu wa Liemba."

Hivyo ndivyo picha ya kwanza ya makumbusho ya Ikola ilivyoondoka kabla ya makumbusho kuwapo. Labda ilishuka Kigoma. Labda ilifika Mpulungu, upande wa Zambia, ikiwa na mafuta ya dagaa na wino mwekundu, mtu akala, akaikunja, akaitupa. Msichana alirudi darasani baada ya mwezi mmoja, akasoma hadi darasa la saba. Lakini tangu siku ile alichora nyumba za dohani. Alizichora vizuri, kwa mistari iliyonyooka, na katika mtihani wa mwisho wa muhula Mwalimu hakuwa na budi kumpa tisa juu ya kumi. Anasema kwamba katika alama zote alizowahi kutoa maishani, hiyo ndiyo inayomwamsha usiku.

Aliufuta ubao. Kuanzia mwaka 1995 katika kipindi cha kuchora hapakuwekwa kielelezo chochote. Alijiwekea kanuni nne, akazibandika ndani ya kifuniko cha sanduku lake la nguo, ambalo sasa aliliondoa nguo. Kwanza, kalamu ya mwalimu isiguse uso wa picha. Pili, mgongoni paandikwe jina la mtoto, umri wake, mwezi na mwaka. Tatu, chini ya jina yaandikwe maneno ya mtoto mwenyewe kuhusu alichochora, kama alivyoyatamka, bila kusafishwa Kiswahili chake. Nne, mtoto aulizwe kama anaitoa picha. Akitaka kwenda nayo kwao, aende nayo, hata ikiwa ndiyo nzuri kuliko zote.

Mwalimu hakujua kwamba kazi yake ilikuwa na ukoo. Mjini Vienna, mwaka 1897, Franz Cižek alikwisha fungua darasa la watoto ambamo mwalimu alijizuia kuwasahihisha, akishikilia kwamba mchoro wa mtoto si mchoro wa mtu mzima uliopungua bali ni kazi iliyokamilika kwa sheria zake. Miaka miwili baadaye, mwaka 1899, Brooklyn nchini Marekani ilipata jumba la makumbusho la watoto linalohesabiwa kuwa la kwanza duniani. Lakini kulikuwa na tofauti kubwa kati ya mambo hayo mawili. Jumba la Brooklyn liliwaonyesha watoto vitu vilivyokusanywa na wakubwa. Ilichukua miongo mingi kabla ya kujengwa majumba ya kuwaonyesha wakubwa vitu vilivyofanywa na watoto. Mjini Yerevan, Armenia, mhakiki wa sanaa Henrik Igityan alifungua jumba la namna hiyo mwaka 1970. Mjini Oslo, mwaka 1986, Rafael Goldin na mkewe Alla walifungua Jumba la Kimataifa la Sanaa za Watoto, wakaweka ukutani picha kutoka nchi nyingi za dunia kwa heshima ile ile wanayopewa mabingwa. Dhima ya majumba hayo inaweza kuelezwa kwa sentensi moja: mtoto ni shahidi, na ushahidi wake usingoje akue.

Kati ya makusanyo yote ya aina hiyo, moja lilianza kama lilivyoanza la Ikola, ndani ya masanduku. Friedl Dicker-Brandeis, mchoraji wa Vienna, alipelekwa mwaka 1942 katika geto la Terezín, ambako Wanazi waliwakusanya Wayahudi kabla ya kuwasafirisha kwenda kuuawa. Humo akawafundisha watoto kuchora kwa makaratasi ya kuokota. Alihakikisha kwamba kila mtoto anaandika jina lake juu ya picha yake, mahali ambapo watu walikuwa wakigeuzwa kuwa namba. Aliuawa Auschwitz mwezi Oktoba mwaka 1944. Nyuma yake alikuwa ameacha masanduku mawili yenye picha zipatazo 4,500, ambazo leo zimehifadhiwa na Jumba la Makumbusho la Kiyahudi la Prague. Wengi wa waliozichora hawakurudi. Kuna vipepeo humo, na vitanda vya ghorofa, na meza zenye chakula ambacho hakikuwapo.

Na si kwamba ushahidi huo hubaki ukutani tu. Mwaka 2007 picha zipatazo mia tano zilizochorwa na watoto wa Darfur katika kambi za wakimbizi nchini Chad zilipelekwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, The Hague, nayo ikazipokea kama kielelezo cha mazingira ya yale yaliyotendeka. Watoto walikuwa wamechora ndege za kivita, farasi, moto, na rangi za sare. Hakuna aliyewaambia kwamba rangi ya sare ni jambo la kisheria. Waliichora kwa kuwa waliiona.

Afrika Mashariki nayo ilikuwa na watu wake. Margaret Trowell, aliyeanza kufundisha sanaa Makerere mwishoni mwa miaka ya 1930, aliwataka wanafunzi wachore kutokana na hadithi na maisha yao, si kutokana na picha za Ulaya. Katika shule hiyo walipita Sam Ntiro na Elimo Njau, wote wawili wana wa Kilimanjaro. Njau alifungua Kibo Gallery huko Marangu mwaka 1964, na mwaka uliofuata akashiriki kuanzisha Paa ya Paa mjini Nairobi, jina linalocheza na mnyama na kitendo cha kupaa. Fundisho lake linalokumbukwa zaidi ni kwamba mtu anapoiga humlaza Muumba usingizi. Dar es Salaam, mwaka 1972, Sista Jean Pruitt alianzisha Nyumba ya Sanaa, ambamo vijana wasiokuwa na mahali pengine pa kushikia burashi walipashika. Lakini mwaka 1997 moto uliiteketeza Paa ya Paa, na kazi za miaka mingi zikawa majivu. Anayehifadhi karatasi Afrika ana maadui wanne: moto, maji, mchwa, na mtu anayesafisha nyumba.

Katika ufuko ule wa Ikola na Karema kuna sababu ya pekee ya kuogopa kupotea kwa ushahidi wa watoto. Karema, iliyo kusini ya Ikola, ilijengwa ngome mwaka 1879 na Kapteni Cambier wa ile Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika iliyoundwa na Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Mwaka 1885 ikakabidhiwa kwa Mapadri Weupe. Siku zile misafara ilikuwa ikiwavusha watumwa kutoka ng'ambo ya ziwa, na miongoni mwao walikuwamo watoto, ambao baadhi yao walikombolewa na kulelewa katika misheni. Tuna majina ya makapteni. Tuna mwaka na mwezi wa kila mkataba. Lakini watoto wale waliuonaje mtumbwi uliowavusha? Waliiona milima ya Kongo ikipungua kwa namna gani? Daktari wa Karema, Adrian Atiman, alikuwa mwenyewe mtoto aliyetekwa Afrika Magharibi, akakombolewa na mapadri, akasomeshwa udaktari Malta, akafika Karema mwaka 1889 na kutibu watu hapo hadi alipofariki mwaka 1956. Yeye alipata umri na kalamu ya kusimulia maisha yake. Lakini hata yeye alisimulia kama mzee. Jicho la mtoto aliyekuwa naye halikuacha hata mstari mmoja.

Sanduku la Mwalimu halikuweza kuyarudisha hayo. Liliweza tu kuzuia yasitokee tena kwa watoto wa zamu yake. Katika picha za miaka ya 1990 Liemba imo karibu katika kila karatasi ya tatu, na mara nyingi ni ndogo kuliko mtumbwi ulio mbele yake. Mgeni hudhani mtoto hakujua vipimo. Mgongoni mwa mmojawapo pameandikwa: "Huu ni mkubwa kwa sababu baba yuko humu." Katika picha za mwaka 2015 kuna mlango wa nyumba, na ubavuni mwa mlango karatasi yenye mhuri, kubwa sawa na mlango. Mchoraji alikuwa mtoto aliyeletwa kwa shangazi yake kutoka Mishamo, makazi yaliyofunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa wakimbizi wa Burundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Zaidi ya miaka arobaini baada ya kukimbia, mwaka 2014, Tanzania ilitangaza kuwapa uraia wakimbizi hao na watoto wao wapatao 162,000. Mtoto alieleza picha yake hivi: "Hii karatasi ndiyo ukuta wetu." Baada ya Liemba kusimama mwishoni mwa miaka ya 2010 ikingoja matengenezo, nayo ikatoweka katika picha. Watoto wa sasa huiona ndani ya sanduku tu, na huuliza moshi ule ni wa nini.

Kisha maji yakaja. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Lukuga ulio upande wa Kongo. Mvua zikizidi, maji hukawia kuondoka. Si jambo geni. Kabla ya mwaka 1878 Lukuga ulikuwa umezibika na ziwa likapanda sana. Ulipofunguka, maji yalishuka miaka kwa miaka, na ngome ya Karema, iliyojengwa karibu na maji, ikajikuta mbali nayo. Kati ya mwaka 2020 na 2021 ziwa lilipanda tena kuliko lilivyopata kupanda kwa miongo mingi. Bujumbura, Uvira, Kalemie na Kigoma nyumba za ufukweni ziliingiliwa. Ikola pia. Nyumba ya Mwalimu ilikuwa chini, na sanduku lilikuwa chini ya kitanda.

Aliamka usiku akakanyaga maji. Alipolifungua sanduku alfajiri, theluthi ya chini ilikuwa imelowa chapachapa. Picha za udongo mwekundu zilikuwa zimeyeyuka na kuwa rangi moja ya kutu. Chaki ilikuwa imekwenda. Lakini mkaa haukuwa umeondoka. Ulitawanyika kidogo pembezoni, ukabaki. Kilichokimbia ni wino wa migongoni. Majina, umri, miezi, miaka, maneno ya watoto yaliyoandikwa kwa mkono wake kwa uangalifu wa miaka ishirini na sita, yote yalikuwa madoa ya buluu. Kazi ya watoto ilibaki, kazi ya mwalimu ikafutika.

Akazibeba hadi mahali palipokauka, akazianika kama vinavyoanikwa dagaa, moja moja juu ya mchanga, jiwe dogo kila pembe. Kufika saa nne watu walianza kusimama. Mwanzoni walisimama kwa kumwonea huruma mzee. Kisha mvuvi mmoja mwenye mvi akachuchumaa, akatazama, akasema, "Huu ni mtumbwi wa baba. Hii niliichora mimi." Mwalimu akachukua penseli, akauliza jina, ingawa alilijua. Ikawa hivyo siku mbili. Wanawake waliosimamisha ndoo, vijana wa bodaboda, mzazi aliyeitambua picha ya mtoto aliyemzika. Mtu na kaka yake waligombea picha moja, kila mmoja akiapa ni yake, mpaka wakakubaliana kwamba mmoja alichora maji na mwingine milima. Wengine hawakutambua chochote, wakapita polepole hata hivyo, mikono nyuma. Ndiyo yaliyokuwa maonyesho ya kwanza ya makumbusho ya Ikola, nayo yalitangazwa na mafuriko.

Siku ya pili jioni alikuja mwanamke wa nyumba za juu, muuza dagaa, ambaye darasani alikuwa amechora nyumba za dohani kwa mistari iliyonyooka. Alizunguka picha zote bila kutafuta. Alijua yake haimo.

"Huku chini hakukaliki tena na makaratasi, Mwalimu," akasema. "Zilete kwangu. Maji hayawezi kupanda kule."

"Kwako utaweka wapi?"

"Mlangoni."

Sanduku likapandishwa njia ya mawe na vijana wawili, na huko ndiko liliko hadi leo. Mwalimu alistaafu mwaka 2023. Hupanda mara moja kwa wiki, akipumzika mara mbili njiani, na watoto humtangulia wakiwa na karatasi. Za mwaka 2024 zinatambulika upesi. Kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti mwaka huo Serikali ililifunga ziwa kwa uvuvi ili samaki wazaliane, na katika picha za miezi hiyo mitumbwi yote imepinduliwa mchangani, matumbo juu, na usiku wa ziwa umepakwa mkaa mtupu, bila taa hata moja. Hakuna taarifa ya ofisi iliyoonyesha ukubwa wa giza lile.

Karatasi nyeupe aliiweka Mwalimu mwenyewe siku sanduku lilipohamia juu. Mgongoni, kwa penseli safari hii, aliandika jina la msichana, miaka tisa, 1994, na chini yake maneno: Ziwa juu ya paa. Usoni hakuandika kitu. Alimpa mwenye nyumba pamoja na kipande cha mkaa, akamwambia kwamba anamdai picha. Mwanamke alicheka, akaipokea kwa mikono miwili, akaiweka chini kabisa ya sanduku. Mkaa aliutia jikoni.

Bado haijachorwa. Binti yake mdogo, ambaye sasa yuko darasa la tatu, huitoa mara kwa mara na kuwauliza watu kwa nini karatasi isiyo na picha imewekwa pamoja na picha. Mwalimu humtazama mama mtu, na mama mtu hajibu. Humshika mtoto mkono, humsimamisha mlangoni, uso kuelekea maji, kisha hurudi ndani kuendelea na kazi zake.